Kabla hujabadilisha nywila, mtazame mlinzi

Mteja wa Lubumbashi alipiga simu saa nne asubuhi, na hakuwa na salamu ndefu. Alitaka kujua kwa nini ametumiwa ankara ileile mara sita. Dada wa mapokezi akageukia kompyuta yake, akaona kinyume kabisa: barua bado ipo kwenye sanduku la zinazotoka, imeganda tangu jana jioni, haijaenda popote.

Ni ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, maeneo ya Posta, na mimi ndiye fundi wanayemwita mambo yakiwashinda. Nilipofika, nywila ilikuwa imeshabadilishwa mara tatu, akaunti imefutwa na kuingizwa upya kwenye Outlook, programu yao ya barua pepe, na bosi ameshagombana na watu wa intaneti.

Nikauliza swali moja tu. "Dada, kwenye simu yako barua zinatoka?"

"Zinatoka vizuri, kaka. Ndiyo maana nasema hii kompyuta ina jini."

Jibu hilo lingewaokolea muda mwingi. Akaunti ikifanya kazi kwenye simu, nywila iko salama na seva, ile kompyuta kuu inayopokea na kusambaza barua, iko hai. Ubaya uko ndani ya kompyuta au kwenye mtandao wa ofisi, na kujua ni upi kati ya hiyo miwili ni kazi ya dakika tatu: washa hotspot ya simu, unganisha kompyuta, jaribu kutuma. Ikitoka, mshike faiawoli wa ofisi, mlinzi anayechuja kinachoingia na kutoka kwenye mtandao, ambaye mara nyingi amejificha ndani ya ruta. Isipotoka, rudi kwenye kompyuta. Yetu haikutoka, kwa hiyo nikaenda moja kwa moja kwenye alama ya antivirusi, kule chini kulia mwa skrini.

Barua inapotumwa, Outlook husubiri seva iseme "nimepokea". Bila jibu hilo haiiondoi barua kwenye foleni. Sasa antivirusi ile ilikuwa imejipachika katikati: inaichukua barua, inaifungua, inaikagua, ndipo inaisukuma kwenda kwenye seva. Ankara yenyewe ilikuwa imeskaniwa kwa rangi, kurasa kumi na kitu, zaidi ya MB 8. Seva iliipokea, ila jibu liliporudi Outlook ilikuwa imeshachoka kusubiri na kuandika kosa 0x800CCC19, yaani muda umekwisha. Baada ya muda inajaribu tena, na kila jaribio ni nakala nyingine Lubumbashi.

Watu wengi wakifika hapa huing'oa antivirusi yote. Usifanye hivyo. Fungua mipangilio yake, tafuta sehemu ya kukagua barua pepe, zima hiyo peke yake kwa dakika kumi, kisha jaribu. Ikiwa barua zitatoka, unaweza kuiacha imezimwa moja kwa moja. Hujabaki uchi: ulinzi wa mafaili bado uko macho, na kiambatanisho chenye virusi kitanaswa pale unapokihifadhi au kukifungua. Kama bosi hataki kusikia neno "zima", kwenye Outlook ya zamani kuna mahali pa kuongeza muda wa kuisubiri seva, kutoka dakika 1 hadi 10. Inasaidia, ingawa mimi naiona ni panadoli.

Kuna sura nyingine ya tatizo hilihili, na watu wa forodha huielewa haraka. Siku hizi mawasiliano ya barua pepe husafiri yamefungwa kama kontena lenye lakiri. Antivirusi ikitaka kukagua kilichomo haina budi kuivunja lakiri ya seva, ichungulie, halafu ipige lakiri yake yenyewe, yaani cheti chake. Outlook huamini vyeti ambavyo Windows inaviamini, na antivirusi huwa imeshajiandikisha humo, kwa hiyo inapita kimya. Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, ina daftari lake la vyeti. Ikiona lakiri isiyoijua inagoma, inakwambia cheti si halali, nawe unadhani umedukuliwa. Soma jina la aliyetoa cheti. Ukikuta ni jina la antivirusi yako, mgomvi umempata. Usikimbilie kubonyeza "kubali" kila onyo linapotokea, maana siku atakapokuja mwizi wa kweli utamkubali naye. (Na tazama tarehe ya kompyuta. Betri ya bodi ikifa, saa inarudi nyuma miaka, na vyeti vyote vinaonekana vibovu.)

Lililowahi kunitoa jasho lilikuwa kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Asubuhi moja nilifungua Thunderbird nikakuta kikasha kitupu. Kwa kawaida Thunderbird huhifadhi folda nzima ya barua ndani ya faili moja. Barua moja ilikuja na kiambatanisho chenye virusi, antivirusi ikalikamata faili lote likaenda karantini, na miaka minne ya barua ikaenda nalo. Nilikuwa natumia POP3, njia ya kupokea inayoshusha barua kwenye kompyuta na mara nyingi kuziondoa kwenye seva, kwa hiyo kwenye seva hakuna kilichobaki. Nililirudisha kutoka karantini, nikaifuta ile barua, nikamwaga takataka, halafu nikabana folda (amri ya Compact), kwa sababu barua iliyofutwa hubaki ndani ya faili mpaka folda ibanwe. Siku hiyohiyo nikaliondoa folda la Thunderbird kwenye ukaguzi wa antivirusi. Kama wewe pia unatumia POP3, fanya hivyo leo, na uweke nakala ya barua zako mahali pengine.

Upande wa faiawoli hauna mengi. Kwa mipangilio yake ya kawaida, faiawoli ya Windows haizuii kinachotoka, kwa hiyo hulaumiwa bure. Zile zinazokuja na antivirusi, na zile za ofisi, ndizo zenye masharti. Kila huduma hupita mlango wake wenye namba, yaani poti. Kutuma hupita poti 587 au 465, kupokea kwa IMAP, njia inayoziacha barua kwenye seva, ni 993, kwa POP3 ni 995. Ukikuta mtu ameweka 25, mbadilishie, kwa kuwa watoa huduma wengi wa intaneti huifunga ili kuzuia barua taka. Kupima, fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, uandike Test-NetConnection, jina la seva yako, kisha -Port 587. Ikijibu False, njia imefungwa. Mpelekee mtu wa mtandao namba hiyo badala ya kumwambia "imeili haifanyi kazi". Ikijibu True usishangilie bado, kwani antivirusi iliyokaa katikati inaweza kukujibu yenyewe kwa niaba ya seva.

Kule Posta nilizima ukaguzi wa barua saa sita kasoro, nikiwa najiamini kweli. Barua ikachomoka mara moja, dada akapiga makofi. Nilikuwa nimesahau kufuta kwanza kilichokwama kwenye foleni. Simu ya Lubumbashi ikaita tena, nakala ya saba imefika.