Huruma Iache Getini: Majibu kwa Wanaosomea Elimu Maalumu

Maswali ya mwezi huu yametoka zaidi kwa wanaosomea, au wanaotamani, ualimu wa elimu maalumu na elimu jumuishi, yaani wenye ulemavu na wasio nao kusoma darasa moja. Nimechukua sita. Baadhi ya barua nimezipunguza, wenyewe wanisamehe.

*Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita. Tangu utoto nikimwona mtoto mlemavu machozi yananilengalenga. Naamini huu ndio wito wangu. Nianzie wapi? (Msomaji, Singida)*

Marahaba mwanangu. Pa kuanzia ni rahisi. Chuo cha Ualimu Patandi, kule Meru mkoani Arusha, kinajulikana kwa kazi hiyo, na ukitaka shahada, Chuo Kikuu cha Dodoma wanayo. Sifa za kujiunga zisome kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka huu, usizichukue kwa jirani aliyesoma zamani.

Yanayonitia shaka ni hayo machozi. Nimefundisha wanachuo wengi waliokuja nayo. Siku ya kwanza kitengoni, yaani darasa la watoto wenye ulemavu ndani ya shule ya kawaida, mtoto anahangaika na kifungo cha shati, mwanachuo anamrukia na kumfungia. Anahangaika na kijiko, anamlisha. Ikifika saa nne mtoto ameshajua kwamba leo ameletewa mtumishi. Mwalimu wake, aliyetumia muhula mzima kumfundisha kijiko kile kile, anatazama dirishani akisaga meno. Njoo, lakini huruma iache getini pamoja na baiskeli. Ndani utahitaji kuweza kusimama mikono nyuma, ukihesabu kimoyomoyo hadi thelathini, huku mtoto anatafuta tundu la kifungo.

*Niko mwaka wa kwanza, nasomea kufundisha wasioona. Nikipapasa nukta nundu (maandishi ya wasioona) nahisi mchanga mtupu. Nikiandika kwa kibao na stailasi herufi zinatoka kinyume. Nibadili fani? (Mwanachuo)*

Usibadili. Mwalimu anayeona husoma nukta nundu kwa macho, karatasi ameiinamisha kidogo ili mwanga uje kwa ubavu na kila nukta itoe kivuli chake. Kusoma kwa vidole ni kazi ya wanafunzi wako, nao watakushinda. Wewe unatakiwa uujue mfumo, na mfumo wenyewe una akili.

Nukta ni sita, safu mbili za tatu tatu: kushoto 1, 2, 3 kutoka juu, kulia 4, 5, 6. Herufi kumi za mwanzo, a hadi j, hutumia nukta nne za juu tu. Chukua hizo hizo, ongeza nukta ya 3, unapata k hadi t: a ni 1, basi k ni 1 na 3, b ni 1 na 2, basi l ni 1, 2 na 3. Ongeza tena na ya 6, unapata u, v, x, y, z. Umeona w imerukwa? Louis Braille alikuwa Mfaransa, na Kifaransa cha zama zake hakikuihitaji w, kwa hiyo ilichomekwa baadaye ikapewa 2, 4, 5, 6, nje ya mpangilio. Sisi tunaoandika "wewe" na "wao" kutwa nzima ndio tunaolipa deni hilo.

Kuhusu kinyume: kwenye kibao unatoboa kwa ncha ya stailasi, tena kwa nyuma ya karatasi, ndiyo maana unaanza kulia kwenda kushoto, na karatasi ikigeuzwa maandishi yanakaa sawa. Wanachuo wengi hujitesa kukariri kila herufi mara mbili. Achana na kushoto na kulia. Jiambie "safu ninayoikuta kwanza" na "safu ninayoikuta pili". Nukta 1, 2, 3 ziko safu ya kwanza daima, uwe unasoma au unaandika. Mimi nilielezwa hivyo na mwanachuo mwenzangu asiyeona, wiki moja kabla ya mtihani, baada ya kunicheka sana.

Mashine ya Perkins, ya kuchapia nukta nundu, ni rahisi zaidi, vitufe sita na cha nafasi, hakuna kinyume. Ila usiitegemee peke yake. Utapangiwa shule yenye mashine mbili, moja mbovu, ndipo utakikumbuka kibao.

*Nina mimba ya miezi mitatu na nimepata nafasi ya kusomea elimu maalumu. Mama mkwe anasema nikiwatazama watoto wale nitazaa kama wao. (Msomaji, Tanga)*

Ulemavu hauingii kwa macho. Walimu wa vitengo wanabeba mimba wakiwa kazini mwaka hadi mwaka, na wanazaa kama wanawake wengine. Usibishane na mama mkwe, mwambie kwa adabu kwamba kama anataka kumlinda mjukuu wake akukumbushe tarehe za kliniki na kulala kwenye chandarua. Hayo yana faida.

*Nafundisha darasa la pili, watoto 96, madawati 24. Nina kiziwi mmoja na wawili wenye ualbino. Kwenye semina tuliambiwa elimu jumuishi ni haki. Si maneno ya karatasi tu hayo? (Mwalimu, Geita)*

Mwalimu mwenzangu, nuna tu, una sababu. Haki imeandikwa kweli: lipo Tamko la Salamanca la 1994 kuhusu elimu jumuishi, upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, na ipo Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Zote hizo hazijakuletea dawati la 25. Atakayekuambia kwamba mwalimu hodari hashindwi na watoto 96, muulize mara ya mwisho alishika chaki lini.

Hata hivyo yapo yasiyosubiri bajeti. Hao wawili wenye ualbino wana uoni hafifu ambao miwani haiumalizi, na mwanga mkali unawaumiza. "Wakae mbele" ni nusu ya jibu, maana mbele wakikodolea dirisha lenye jua ni adhabu. Wakae mbele, mgongo uelekee dirishani. Waache wainuke waende hadi ubaoni, na wasogeze kitabu mpaka puani, hawaharibu macho kwa kufanya hivyo. Soma kwa sauti kila unachoandika. Kofia zisivuliwe paredi, hata mwalimu wa zamu afoke vipi. Na mtihani wa kitaifa ukikaribia, hakikisha mwalimu mkuu amewasajili kama watahiniwa wenye uoni hafifu, wapate karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Niliwahi kusimamia shule moja ambako hakuna aliyejaza taarifa hiyo. Binti alifanya mtihani na karatasi ya kawaida, uso umelala juu ya dawati.

Kwa kiziwi sitakudanganya. Kumweka mbele hakumfanyi asikie. Wengi husema "atasoma midomo". Simama mbele ya kioo, tamka bila sauti *papa, baba, mama*, uone kama utazitofautisha. Anachohitaji ni lugha, na lugha yake ni ya alama, ambayo haiokotwi kwa kukaa miongoni mwa wanaosikia. Hapa natofautiana na wanasemina wako: mtoto ambaye bado hana lugha yoyote, naona ni bora aende kitengo au shule ya viziwi ambako alama zinatumika darasani, bwenini na uwanjani, kuliko kuwa "jumuishi" akiwa peke yake kati ya watu 95. Zungumza na wazazi, kisha na afisa elimu maalumu wa halmashauri yako. Wakati mnasubiri, jifunzeni alama kumi kwa wiki, darasa zima. Watoto watakutangulia, na yeye atapata wa kucheza naye.

*Niko na diploma ya ualimu wa shule ya msingi na ninafundisha. Lazima niache kazi nirudi chuo? (Mwalimu, Nakuru)*

La. KISE, Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, pale Kasarani, Nairobi, imekuwa ikifundisha walimu walio kazini tangu 1986, na masomo kwa masafa yapo. Na ukichagua kufundisha viziwi, mnatuzidi sisi Watanzania kwa jambo moja: kwa Katiba yenu ya 2010, Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge.

*Niko BTP (mazoezi ya kufundisha) kwenye kitengo cha ulemavu wa akili. Somo lilikuwa "kunawa mikono", dakika 30. Dakika ya tatu mmoja alikuwa juu ya meza, mwingine mwenye usonji ameziba masikio analia, na mkufunzi wangu anaandika tu. Nilikosea wapi? (Mwanachuo)*

Kwenye andalio la somo. Nina hakika uliandika "kila mwanafunzi aweze kunawa mikono". Sasa hesabu: kukunja mikono ya shati, kukanyaga kijiti cha kibuyu chirizi, kulowesha, kushika sabuni, kusugua viganja, kusugua kati ya vidole, kurudisha sabuni, kusuuza, kung'uta, kukausha. Hayo ni masomo kumi, na kwa mtoto mwingine ni kazi ya muhula.

Anza na la mwisho. Mshike mikono mfanye pamoja hatua zote tisa, ya kumi umwachie: ajikaushe mwenyewe, aning'inize kitambaa, umsifu. Akiiweza bila wewe, mwachie mbili za mwisho. Kwa njia hiyo kila siku anamaliza kwa kufanikiwa. Ukianza na hatua ya kwanza, anaonja kushindwa kabla hajafika kwenye maji. Kwenye andalio weka jina la kila mtoto na hatua yake. Mkufunzi akidai lengo moja la jumla kama fomu inavyotaka, mwandikie na hilo pia, wino si ghali.

Aliyeziba masikio hakukataa kunawa. Watoto wanane kwenye kibuyu kimoja, ndoo inagongwa, wewe umepandisha sauti, kwake hayo ni mateso. Mpeleke peke yake kabla ya wenzake. Mchoree picha nne za mambo ya asubuhi, zibandike ukutani, kila jambo likiisha aigeuze picha yake mwenyewe, ajue kinachofuata.

Na yule wa juu ya meza mpe sabuni aibebe mpaka kibuyuni. Ndiye msimamizi wa sabuni kuanzia kesho.