Gerald Griffin na miswada aliyoichoma

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Gerald Griffin, mwandishi wa riwaya wa Ayalandi wa karne ya 19, alichoma miswada yake na kujiunga na watawa. Je, alikata tamaa kwa kukosa wasomaji? Na ni kweli kwamba riwaya yake, The Collegians, inatokana na mauaji yaliyotokea?

JIBU: Nianze na swali la pili, maana bila hilo, la kwanza halieleweki. Mwaka 1819 maiti ya Ellen Hanley, msichana wa takriban miaka 15, ilisukumwa na maji hadi ufukweni mwa mto Shannon, upande wa Clare. Msichana huyo alikuwa ametoroka kwao na kufunga ndoa ya siri na John Scanlan, kijana wa ukoo wenye ardhi, ambaye alimchoka upesi, na mtumishi wake, Stephen Sullivan, akamuua mtoni. Scanlan alitetewa na Daniel O'Connell, wakili aliyevuma nchi nzima, lakini hilo halikumwokoa: alinyongwa Limerick mwaka 1820, na miezi michache baadaye Sullivan naye akanyongwa.

Griffin alizaliwa Limerick mwaka 1803, kwa hiyo kesi hiyo iliunguruma mjini kwao akiwa bado kijana. Mwaka 1823 alikwenda London akitarajia kuwa mtunzi wa tamthilia. Majumba ya maonyesho hayakumtaka, akawa anaishi kwa vibarua vya kalamu visivyomtosha hata chakula, na rafiki yake John Banim, mwandishi mwenzake wa Ayalandi, alipotaka kumsaidia, alikataa kwa kiburi cha maskini asiyetaka kuonekana maskini.

The Collegians ilitoka mwaka 1829, baada ya yeye kurudi kwao. Kisa alikihamishia Killarney na kukirudisha nyuma miongo kadhaa. Scanlan akawa Hardress Cregan, na Ellen akawa Eily O'Connor, binti wa msokota kamba. Kwa maoni yangu, ustadi wake mkubwa umo katika mtumishi, Danny Mann, mwenye kibyongo kilichosababishwa na Hardress mwenyewe utotoni, na ambaye hata hivyo anampenda bwana wake kiasi cha kuua kwa ajili yake. Hardress hanyongwi, anahukumiwa kupelekwa uhamishoni, na anafia safarini.

Sasa nije kwenye miswada. Griffin hakukosa wasomaji. Kilichomsumbua ni jinsi walivyomsoma. Katika riwaya hiyo yumo Kyrle Daly, kijana mwadilifu na mwenye busara, aliyekusudiwa kuwa kielelezo, na Griffin alimlalamikia ndugu yake, Daniel, kwamba karibu hakuna anayemjali Kyrle, ilhali Hardress, mwenye hatia ya damu, anapendwa na wote. Mwandishi mwingine angejipongeza kwa hilo. Yeye, Mkatoliki mwenye dhamiri kali, alianza kushuku kwamba kadiri hadithi inavyonoga ndivyo inavyopotosha, na shaka hiyo ilizidi kukua ijapokuwa aliendelea kuchapisha kwa miaka kadhaa.

Mwaka 1838 aliteketeza sehemu kubwa ya miswada yake, akajiunga na Mabruda Wakristo, shirika la Kikatoliki lililosomesha watoto maskini. Alianzia Dublin, kisha akahamishiwa Cork, na kutoka huko alimwandikia rafiki yake barua ya utani mtupu, akieleza jinsi wanafunzi wake wanavyostaajabu kuambiwa kwamba juu ya ramani ni kaskazini na chini yake ni kusini. Siioni barua hiyo kuwa ya mtu aliyevunjika moyo. Alifariki Juni 1840 kwa homa ya taifasi, akiwa na umri wa miaka 36.

Tamthilia yake Gisippus, ambayo London haikuitaka alipokuwa hai, ilipandishwa jukwaani Drury Lane, jumba la maonyesho la London, mwaka 1842. Mwaka 1860 Dion Boucicault, mtunzi wa tamthilia, aliigeuza The Collegians kuwa The Colleen Bawn, tamthilia iliyopendwa mno, ambamo Eily anaokolewa asizame na mambo yanaishia kwa furaha. Ukikutana nayo kabla ya riwaya, usidhani umekwishamsoma Griffin. Anza na The Collegians yenyewe, na uvumilie sura za mwanzo zinazokwenda taratibu kwa mazungumzo marefu. Danny Mann akishaingia, kitabu hakiwekeki chini.