OptiPlex 7010: anza na SSD, i7 ingoje

Ndugu wa Kisauni, umesema una OptiPlex 7010 ya mtumba yenye i3-3220, RAM GB 4 na diski ngumu ya GB 500, pamoja na kisanduku cha akiba chenye diski mbili za TB 1 kwenye RAID 1, yaani kila diski ina nakala ileile ya nyenzake. Wataka prosesa ya i7-3770 kwanza, na kisanduku ukitie diski kubwa zaidi. Nakusihi usianze hapo, kwa sababu kinachokukawiza ni diski. Hata i7 itakaa ikiingoja.

Chukua SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka, yenye kasi zaidi) ya waya wa SATA, inchi 2.5, GB 480 au 500. Ukishawishiwa NVMe, aina nyingine ya SSD, ya kuchomekwa kwa adapta, kataa: BIOS ya 7010, yaani programu inayoiamsha mashine, haiwezi kuwasha Windows kutoka humo.

Hapa ndipo wengi hukwama. Bonyeza F2 mashine ikiwaka, utazame SATA Operation, mpangilio wa jinsi mashine inavyozungumza na diski. Ikiwa ni RAID On (si ile RAID 1 ya kisanduku), nakili diski nzima kwenda kwenye SSD na uache hivyo hivyo. Ukigeuza kuwa AHCI, chaguo jingine la hapo, ghafla, Windows huleta skrini ya buluu, maana haipaoni tena pale ilipozoea kuwakia. Betri ndogo ya CR2032 iliyo ndani ya mashine ikifa huweza kuleta balaa hilo hilo: BIOS inarudi mipangilio ya kiwandani, na mtu anadhani SSD imekufa. Badilisha betri siku hiyo hiyo.

RAM ni rahisi: DDR3 ya dekstopu, mbili za GB 4. Ya laptopu haiingii.

Prosesa sasa. i3 yako ina koa (viini vya kuchakata) 2 na hula wati 55. I7-3770 ina koa 4 na hula wati 77, kwa hiyo joto linapanda. Kwa hewa yetu ya chumvi, mapezi ya kipoozeo hushika vumbi la kunata. Lisafishe kwa brashi. Sasisha BIOS ungali na i3. Pini za soketi ya LGA1155 ziko kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine), si kwenye prosesa, na ukikunja moja waweza kupoteza mazabodi. Futa pesti kuukuu, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo, kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Ujue pia kwamba Windows 11 haiitambui rasmi i7 hiyo, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kazi yako ni hati na intaneti, i7 si lazima.

Kisanduku cha akiba usikiguse kabla ya kunakili vyote kwenye diski ya nje. Ukibadilisha diski, kujenga upya RAID husoma diski iliyobaki mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo diski chovu hufa. Kiweke kisanduku kwenye UPS, betri ya dharura, stima isije ikakatika katikati. Toa diski moja, weka kubwa, ngoja ilingane kabisa, ndipo utoe ya pili. Nafasi haiongezeki yenyewe. Ipanue kwenye mipangilio. Zile za zamani ziandike tarehe, na usizifute mpaka umefungua faili kadhaa kutoka kwenye mpya.