Tangi la buluu na manjano: anza na maji ya Mombasa

Ndugu yangu wa Nyali, umesema una tangi la lita 200 sebuleni, unataka samaki wa buluu na manjano tu, na mawazo yako yako kwa neon, wale wadogo wenye mstari wa buluu, na goldfish. Rangi umechagua vizuri sana. Samaki ndio nakusihi ubadilishe.

Neon asili yake ni Amazon, kwenye maji laini yenye asidi kidogo. Maji yetu, hasa ya kisima, ni magumu: chungulia ndani ya birika lako la chai, ule ukoko mweupe ni chokaa. Neon akiishi humo hudhoofika, na ule mstari wa buluu uliomnunulia hufifia. Goldfish naye ni samaki wa maji ya baridi. Kaskazi ikivuma, Januari mpaka Machi, atakaa juu akihema, kwa sababu maji yakipata joto hewa hupungua ndani yake.

Maji hayo hayo magumu ndiyo wanayoyataka mbuna, samaki wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, ambako pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (juu ya 7 si asidi), huwa kati ya 7.7 na 8.6. Na katika mbuna yuko mmoja atakayekupa rangi zako zote mbili peke yake: saulosi. Jike ni manjano iliyokolea, dume ni buluu mwenye mistari myeusi ya wima. Wakiwa wadogo wote ni manjano, kwa hiyo nunua kama 12 hivi uwaache wakue pamoja. Hapo ndipo penye raha. Dume anayeanza kugeuka utamjua kwa mapezi: kingo zinaingia weusi, kisha ubavu unakuwa kama umechafuka, halafu mistari inajitokeza, mara iko, mara imepotea, kutegemea nani amemfukuza. Mbabe wa tangi ndiye anayeng'aa kuliko wote. Mwishowe bakisha madume wawili au watatu na majike wengi, wengine wagawe, la sivyo watauana.

Muuzaji atakushawishi uongeze labidochromis wa manjano, mbuna wa aina nyingine. Kataa. Wanaweza kuzaana na saulosi ukapata machotara wasio na rangi ya kueleweka.

Mawe yapange kwanza juu ya kioo cha chini, mchanga umwage baadaye. Mbuna huchimba, na jiwe lililokalia mchanga likiporomoka linapasua tangi. Mawe ya ujenzi yaliyochimbwa nchi kavu, yale yenye matundu, yanafaa sana na yanatunza ugumu wa maji. Yaoshe tu mpaka vumbi liishe. Matumbawe ya baharini usiguse. Hifadhi ya bahari ya Mombasa inalindwa tangu 1986 na haki yake ni kuachwa ilivyo.

Nyuma ya tangi bandika karatasi nyeusi. Mbele ya ukuta mweupe samaki hujipausha kufanana na pale alipo, na hata taa nzuri haitamrudishia rangi.

Chakula kiwe cha mwani, spirulina, kidogo kidogo. Vyakula vya nyama vinaweza kuwavimbisha tumbo na kuwaua. Nunua pia pampu ndogo ya hewa ya betri uiweke karibu na tangi, maana samaki 12 wenye nguvu kwenye maji yenye joto hawawezi kungoja umeme urudi.