Wasomaji Wanauliza: Kwa Nini Warefu Wetu Wanasukumwa?

Mbukwenyi wasomaji. Tangu mechi ile ya mpira wa kikapu ya vyuo hapa mjini Dodoma, barua nyingi zilizonifikia zinazungumzia jambo moja: wachezaji wa chini ya ringi. Nimeondoa jina la chuo na majina ya vijana, kwa sababu wanasoma, wana mitihani, na wengine bado hawajatimiza miaka ishirini na moja. Barua zenyewe nimeziacha na ukali wake.

*Shikamoo Kocha. Mimi niko mwaka wa tatu na mechi za nyumbani za timu yetu huwa sikosi. Tuna warefu watatu, mmoja anakaribia mita mbili. Pembeni tuna watupaji wazuri tu. Lakini kila mechi ni yaleyale: warefu wetu wanasukumwa hadi nje ya boksi, lile eneo lililochorwa mbele ya ringi, ribaundi, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, zinachukuliwa na vijana wanaowafikia mabegani, na wakipata mpira chini ya ringi wanaurudisha nje haraka utadhani wameshika kaa la moto. Juzi tumefungwa na chuo ambacho senta wao, mtu wao wa chini ya ringi, ni mfupi kuliko pointi gadi wetu, yule anayeanzisha mashambulizi! Tumechoka. Hawa ni wavivu, ni waoga, au kocha wao hajui kazi?*
*Shabiki mwenye uchungu, Area D*

Marahaba mwanangu. Mechi hiyo nami niliitazama, na ulichokiona ni kweli. Warefu wenu walisukumwa kuanzia robo ya kwanza mpaka filimbi ya mwisho, na nilirudi nyumbani na uchungu kama wako. Mimi nilicheza nafasi hiyohiyo ujana wangu wote, kwa hiyo najua inavyouma kuona boksi limekuwa la wageni.

Ila katika sababu zako tatu, hakuna hata moja ninayoiweka mbele. Tuanze na namna vijana hawa wanavyopatikana. Muhula unaanza, kijana mrefu amesimama kwenye foleni ya usajili na sanduku lake, mtu wa timu anamwona na kumwambia: “Wewe, njoo uwanjani jioni.” Huko alikotoka, iwe Bahi, Manyoni au Kondoa, shule yake ilikuwa na kiwanja cha mpira wa miguu na cha netiboli, lakini nguzo ya kikapu hakuna. Anaanza kujifunza akiwa na miaka ishirini mambo ambayo yule senta mfupi wa wapinzani aliyazoea akiwa kidato cha kwanza. Mtazame miguu yule kijana mfupi, usimtazame kimo. Miguu yake haibahatishi.

Na hapa ndipo penye kiini cha barua yako. Vita vya chini ya ringi hupiganwa kabla mpira haujafika. Mchezaji wa posti, yaani nafasi ya karibu na ringi, aliyefundishwa anakimbia hadi pale anapopataka, anatanua miguu kupita mabega, anakunja magoti, anakalia paja la mlinzi wake kwa makalio, kisha ananyoosha mkono ulio mbali na mlinzi kuonyesha pasi ije wapi. Mpira ukifika, kazi kubwa imeshakwisha. Warefu wenu wanafikaje? Wanakuja kwa mwendo wa taratibu, wanasimama wima mbele ya ringi, mikono juu, wanasubiri. Mtu aliyesimama wima uzito wake wote uko juu. Hata mtoto wa kidato cha tatu anamsogeza. Urefu usiokunja magoti hausaidii kitu mpaka mpira uwe tayari hewani, na wakati huo nafasi imeshapotea.

Usidhani hili linawapata wanafunzi wa Dodoma peke yao. Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar es Salaam mwenye mita 2.21, alikuwa nguzo ya Chuo Kikuu cha Connecticut huko Marekani. Msimu wa 2008/2009 alizuia kwa wastani mitupo zaidi ya minne kila mechi. Februari 2009, Connecticut ikiwa namba moja kwenye orodha ya ubora ya vyuo nchini humo, wakakutana na Pittsburgh. Senta wa Pittsburgh, DeJuan Blair, alikuwa na mita 2.01, mfupi kwa Thabeet kwa sentimita ishirini, lakini mpana, mzito na mwenye makalio yaliyokaa chini. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, na Pittsburgh ikashinda 76 kwa 68. Wakati mmoja wakigombea nafasi, mikono yao ilinasana na Blair akamrusha Thabeet juu ya bega lake hadi sakafuni. Mwaka huohuo Thabeet alichaguliwa wa pili katika usajili wa NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu ya Marekani, na Memphis Grizzlies, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakuwa mchezaji. Kama mtu wa kiwango chake alihamishwa na mtu aliyejua kukaa chini, kijana wako aliyeanza kikapu Novemba iliyopita tumdai nini?

Kuhusu woga. Viwanja vyetu vingi hapa mjini ni vya saruji na viko wazi. Ukianguka, ngozi ya kiwiko inabaki pale. Kiangazi vumbi linatanda juu ya saruji na mguu unaotakiwa kubaki pale unapogeuka unateleza. Mchezaji aliyeanguka vibaya mara mbili anaanza kuukwepa mwili wa mwenzake bila hata kujua kwamba anaukwepa. Timu yenye nia inapitisha gunia bichi uwanjani kabla ya mazoezi na tena wakati wa mapumziko. Vijana ninaowafundisha Jumamosi hawagusi mpira kabla ya kuburuta gunia, na tofauti inaonekana kwenye miguu yao.

Nguvu za mwili zinatafutwa, na hazihitaji jengo la mazoezi. Mfuko wa mchanga begani, kuchuchumaa na kunyanyuka. Kupanda na kushuka ngazi za hosteli. Wawili wawili, mgongo kwa kifua, mmoja anasukuma na mwenzake anakataa kutoka, hakuna mpira. Halafu chakula: huwezi kunywa chai na chapati moja asubuhi, ukakaa hadi jioni, kisha ukategemea kumzuia mtu wa kilo tisini. Hapa kwetu karanga na maharage yapo, na si ghali kama nyama.

Kocha wenu simjui vya kutosha nimhukumu. Ila kama mazoezi yote ya timu ni kukimbia na kutupa kutoka mbali, warefu wanaota jua tu.

*Kocha, mimi ni mmoja wa hao mnaowaandika. Naomba jina langu lisitoke. Jukwaani wanapiga kelele “mita mbili za bure” na wengine ni wenzangu wa darasani. Hakuna anayesema kwamba mechi nzima nilipewa mpira mara chache mno, na kila ulipokuja ulikuwa umechelewa au umeletwa miguuni. Nikiomba mpira naambiwa nitoke nje ya boksi. Nimefikiria kuacha.*
*Senta, Dodoma*

Usiache, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya nyingine zote na ninaamini ulichoandika, kwa sababu kiko wazi kwa yeyote anayewatazama wachezaji wenu wa pembeni badala ya kukutazama wewe.

Pointi gadi wenu anasimama katikati, juu kabisa, na kujaribu kukurushia mpira akiwa mbali. Kutoka pale mlinzi wako anafika kwenye kila pasi. Anatakiwa kuuteremsha mpira kwa kudunda hadi pembeni, chini ya usawa wa mstari wa mitupo huru, ndipo njia ya kukufikia inafunguka. Adanganye pasi ya juu, kisha apitishe ya kudunda, kwenye mkono wako ulio mbali na mlinzi. Akishatoa asisimame kutazama, akate kwenda kwenye ringi au ahame, vinginevyo mlinzi wake anakuja kukusaidia kukunyang'anya. Haya ni mazoezi ya watu wawili. Nenda kwake wewe mwenyewe, nje ya muda wa mazoezi, mwambie mkae dakika chache kila jioni mfanye hilo tu. Pasi ya posti ni maelewano, na watu hawaelewani kwa kulaumiana wakati wa mapumziko.

Na wanaokuambia utoke nje ya boksi, sehemu fulani wana haki. Sheria inakataza kukaa ndani ya eneo lile zaidi ya sekunde tatu mfululizo timu yako inapomiliki mpira upande wa mbele. Simama kwenye mstari wa pembeni mwa eneo, nje kidogo. Mpira ukihamia upande wa pili, pita uende upande wa pili.

Ukiupata: tua kwa miguu yote miwili pamoja, ili uweze kugeukia upande wowote. Mpira uweke chini ya kidevu, viwiko nje. Wewe unaushusha kiunoni, na hapo ndipo vijana wafupi wanaukwapua. Usidunde. Angalia bega la upande wa mstari wa mwisho kwanza. Kama mlinzi hayupo, rusha mguu wa upande huo nyuma yake, geuka, panda. Kama yupo, geukia katikati. Hizo mbili zinakutosha kwa msimu mzima, na ninasema hivyo kwa dhati, maana naona vijana wanahangaika na manjonjo ya kwenye video kabla hawajaweza kumalizia leyapu, mtupo wa karibu na ringi, ya mkono wa kushoto.

Kwa ajili ya mkono huo lipo zoezi linaloitwa kwa jina la George Mikan. Simama chini ya ringi. Tupa kwa mkono wa kulia upande wa kulia, udake mpira kabla haujagusa chini, hatua moja, tupa kwa kushoto upande wa kushoto, endelea bila kupumzika. Mikan alikuwa na mita 2.08, amevaa miwani, na alipofika Chuo Kikuu cha DePaul kule Chicago watu walimwona mzito wa miguu asiyefaa. Kocha wake, Ray Meyer, aliyeanza kazi pale mwaka 1942, alimrukisha kamba na akampeleka kujifunza kucheza dansi ili miguu ipate wepesi. Baadaye Mikan alitawala chini ya ringi kiasi kwamba mwaka 1951 NBA iliongeza upana wa boksi mara mbili ili kumweka mbali. Ruka kamba. Na kama chuoni kwenu kuna kikundi cha ngoma, jiunge. Wagogo hatujawahi kupungukiwa na ngoma zinazofundisha miguu.

Kwa mashabiki wenzake wanaosoma hapa, sina maneno ya kuzunguka. Zomea waamuzi kama lazima, ila huyu kijana mwacheni. Anacheza bila malipo, kwenye saruji, baada ya vipindi, akiwa amevaa jezi yenu. Anapomziba mpinzani kwa mgongo na ribaundi ikachukuliwa na mwenzake, jina lake haliandikwi popote. Pigieni makofi hilo, mtaona atakavyorudia.

*Kocha, kwa nini tuhangaike na posti? Siku hizi dunia nzima inatupa pointi tatu. Warefu wakae benchi.*
*Msomaji, Makole*

Kwa sababu ya upepo, ndugu yangu. Wewe unakaa Makole, unajua Julai na Agosti saa kumi jioni hali inakuwaje. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka kwenye ringi, na mpira unaokaa hewani umbali huo kwenye uwanja wetu usio na ukuta haufiki ulikotumwa. Wale unaowaona kwenye televisheni wanacheza ndani. Hata hivyo, Denver Nuggets walitwaa ubingwa wa NBA mwaka 2023 wakiupitisha mpira karibu kila shambulizi kwa senta wao, Nikola Jokić wa Serbia. Uwanja wa wazi wa Dodoma unaihitaji posti kuliko hata Denver.

*Shikamoo Kocha. Mwanangu yuko kidato cha pili, Mpwapwa, na amerefuka ghafla, ameshanipita. Mwalimu wa michezo anataka aache mpira wa mikono, anakodaka golini, aingie kikapu moja kwa moja kwa ajili ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Nimkubalie?*
*Mama, Mpwapwa*

Marahaba mama, na hongera kwa kijana. Kikapu aanze, ndiyo, na mapema hivi ndivyo ninavyotaka. Mpira wa mikono asiuache. Hakeem Olajuwon wa Lagos alikuwa akidaka golini kwenye mpira wa mikono na kucheza mpira wa miguu kabla ya kugusa kikapu akiwa na umri wa miaka kama kumi na mitano. Alikwenda Chuo Kikuu cha Houston, akatwaa ubingwa wa NBA mwaka 1994 na 1995, na hadi leo hakuna aliyezuia mitupo mingi zaidi yake katika rekodi za ligi hiyo. Miguu ile iliyowachanganya walinzi aliitoa kwenye michezo hiyo mingine.

Mwambie mwalimu siku mbili kikapu, siku mbili golini. Anarefuka kwa kasi, kwa hiyo akilalamika maumivu ya goti apumzishwe bila kubishana naye, na yakiendelea apelekwe hospitali. Viatu vyake viangalieni kila muhula, vitakuwa vimembana. Na aanze sasa hivi kutumia mkono wa kushoto: mswaki, kijiko, mpira.