Maswali na Majibu: Kanada, Nchi Kubwa Isiyo Tupu

Barua zilizotufikia kuhusu Kanada ni nyingi, na karibu zote zinaanza na ukubwa wake, kana kwamba nchi ile ni pori lisilo na mwenyewe. Nimechagua saba zinazonipa nafasi ya kueleza ardhi yenyewe, watu wanaoishi juu yake na yale waliyoyarithi. Baadhi nimezijibu kwa kirefu na nyingine kwa maneno machache, kwa kadiri jambo lenyewe lilivyohitaji.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mkazi wa Mwanza. Nimesikia kwamba Kanada kuna ziwa linalolishinda Ziwa Viktoria kwa ukubwa, na kwamba watu wake ni wachache kuliko Watanzania. Je, ni kweli?

Jibu: Marahaba. Yote mawili ni kweli. Ziwa Superior, ambalo Kanada inalichangia na Marekani, lina eneo la kilomita za mraba 82,100 hivi, ilhali Viktoria lina 68,800 hivi, na ndiyo maana ziwa lenu huhesabiwa la pili duniani miongoni mwa maziwa ya maji baridi. Tofauti ya kina ni kubwa zaidi: Superior linafika mita 406 mahali penye kina kirefu kabisa, na Viktoria halifiki mita 90. Kwa kuwa umegusa mashindano, nikuongezee moja: mlima mrefu kuliko yote nchini Kanada, Logan, uliopo Yukon, una mita 5,959, yaani umeupita Kilimanjaro kwa mita 64 tu.

Kuhusu watu, Kanada ilivuka milioni 40 mwaka 2023, wakati sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 61, ingawa eneo la Kanada ni zaidi ya mara kumi ya eneo la Tanzania. Baridi pekee haitoshi kulieleza jambo hili. Karibu nusu ya nchi imekaa juu ya mwamba mkongwe uliokwanguliwa na barafuto za zama za kale, yaani mito mikubwa ya barafu, hadi udongo ukabaki kiduchu, na mashimo yaliyoachwa yakajaa maji. Humo ndimo yalimotoka maelfu kwa maelfu ya maziwa, na ndiyo sababu jembe halina kazi kubwa huko. Basi watu wawili kati ya kila watatu wanaishi umbali usiozidi kilomita 100 kutoka mpaka wa Marekani. Hata hivyo, kutolimika si kutokaliwa. Watu wa kaskazini waliishi, na wanaishi, kwa kuwinda, kuvua na kufuata wanyama, na kila bonde lina jina lililotolewa na mtu aliyewahi kupita hapo kutafuta riziki.

Swali: Dada yangu anaishi Toronto na amenialika kwa wiki mbili mwezi wa Julai. Nataka kuona maporomoko ya Niagara, Milima ya Rocky na dubu weupe, na tumepanga kwenda kote kwa gari lake. Unanishauri nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Ninakushauri umwonee huruma dada yako. Niagara haina tatizo, kwa kuwa iko kilomita 130 hivi kutoka Toronto na mnaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Lakini kutoka Toronto hadi Banff, kwenye Milima ya Rocky, ni takribani kilomita 3,400 kwa barabara, ambazo ni mara tatu ya safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza, na siku mbili nzima mtazimaliza kabla hamjatoka ndani ya jimbo la Ontario. Ukiitaka milima, panda ndege hadi Calgary, kisha ukodi gari na kuifuata barabara inayounganisha Ziwa Louise na Jasper, kilomita 230 hivi zinazopita chini ya vilele na barafuto. Hifadhi ya Banff, iliyoanzishwa mwaka 1885, ndiyo ya kwanza nchini humo, nawe utakuta umati wa watu mwezi huo wa Julai. Weka nafasi ya kulala mapema.

Dubu weupe ni habari nyingine, kwa sababu kinachowaongoza ni barafu. Mji wa Churchill, ulioko jimbo la Manitoba kwenye ufuko wa Ghuba ya Hudson, hauna barabara inayoufikia: unafikika kwa ndege, au kwa treni inayotoka Winnipeg na kutumia takribani siku mbili. Dubu hao huwinda sili, wanyama wa baharini, juu ya bahari iliyoganda. Barafu inapoyeyuka hulazimika kukaa nchi kavu miezi kadhaa wakiishi kwa mafuta ya miili yao, na ifikapo Oktoba na Novemba hukusanyika karibu na Churchill wakingoja ghuba igande tena. Wenyeji, ambao hawafiki 1,000, wamezoea kuacha milango ya magari bila kufungwa, ili mtu akikutana na dubu njiani apate pa kujitupa. Dubu anayezoea kuingia mjini hukamatwa, huwekwa katika jengo maalumu, kisha hubebwa kwa helikopta na kuachiliwa mbali. Baridi ya msimu inazidi kuchelewa, na kila wiki ambayo barafu inachelewa ni wiki nyingine ya njaa kwa mnyama huyo. Kwa Julai yako, Churchill itakupa kitu tofauti ambacho mimi nakiona bora kuliko dubu: nyangumi weupe, waitwao beluga, wanaoingia kwa wingi kwenye mlango wa mto.

Swali: Sisi wavuvi wa Pemba tunajua bamvua. Nimeambiwa kuna ghuba Kanada ambako maji hupanda mita 16. Si chumvi hiyo?

Jibu: Si chumvi. Ni Ghuba ya Fundy, iliyoko kati ya majimbo ya New Brunswick na Nova Scotia. Kwenu, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni mita nne hivi. Kule ncha ya ndani ya ghuba inaweza kufika mita 16. Sababu ni umbo. Ghuba ni ndefu, inakwenda ikiwa nyembamba na kupungua kina, na maji yake huyumba mbele na nyuma kwa mwendo unaokaribiana sana na ule wa bahari kuu, wa saa 12 na ushei, hivyo kila wimbi la kujaa linasukumwa na lililotangulia. Bandarini utaona mashua zimekaa matopeni chini kabisa ya gati, na wavuvi wakishuka ngazi ndefu kuzifikia. Mahali paitwapo Hopewell Rocks watu hutembea kwa miguu juu ya sakafu ya bahari katikati ya nguzo za miamba, na saa chache baadaye wengine hupita hapohapo kwa mitumbwi. Soma ratiba ya maji kabla ya kushuka. Jambo hilo wewe huna haja ya kufundishwa na mtu wa bara.

Swali: Je, Wainuit, wenyeji wa kaskazini ya mbali ya Kanada, bado wanaishi katika nyumba za barafu? (Mwanafunzi, Iringa)

Jibu: Hapana, mwanangu. Katika Iqaluit, makao makuu ya Nunavut, eneo la Wainuit kaskazini mwa Kanada, utakuta nyumba za mbao zenye rangi kali, zimesimama juu ya nguzo ili joto la ndani lisiyeyushe udongo ulioganda chini yake na kuifanya nyumba izame. Nyumba ya theluji ilikuwa, na kwa wawindaji wachache bado ni, makazi ya safarini. Nunavut yenyewe ilizaliwa tarehe 1 Aprili 1999, baada ya miaka mingi ya mazungumzo kati ya Wainuit na serikali. Ina takribani kilomita za mraba milioni mbili na watu 40,000 hivi, hakuna barabara inayounganisha mji mmoja na mwingine, na mizigo mizito huletwa na meli majira ya kiangazi, bahari inapofunguka. Kiinuktitut hutumika ofisini na shuleni, na huandikwa kwa herufi zake maalumu.

Ukitaka kujua thamani ya urithi wao, soma habari za meli mbili za Kiingereza, Erebus na Terror. Mwaka 1845 ziliondoka Uingereza chini ya John Franklin kutafuta njia ya kupita kaskazini mwa Amerika, zikanaswa na barafu karibu na Kisiwa cha King William, na watu wote 129 waliokuwamo hawakurudi. Mwaka 1854 mvumbuzi John Rae alipeleka London maelezo aliyopewa na Wainuit: kwamba mabaharia walikufa kwa njaa wakitembea, na kwamba mwishoni walikula nyama ya wenzao. London ilikasirika. Charles Dickens mwenyewe, mwandishi mashuhuri wa Kiingereza, aliandika kuukataa ushahidi huo, akiwatupia lawama Wainuit. Zaidi ya miaka mia baadaye wataalamu walipima mifupa iliyookotwa na kukuta alama za visu. Wainuit walikuwa pia wamesimulia, kizazi hadi kizazi, kwamba meli moja ilizama kusini zaidi ya pale Wazungu walipokuwa wakitafuta. Erebus ilipatikana mwaka 2014 katika eneo hilo. Terror ilipatikana mwaka 2016, baada ya mwindaji mmoja wa Gjoa Haven kuwaeleza watafutaji kwamba miaka ya nyuma aliona mlingoti umechomoza kwenye barafu, ndani ya ghuba ambayo, kwa bahati, tayari ilikuwa ikiitwa Terror. Sisi ambao nasaba na vita vyetu tulivipokea kwa mdomo wa wazee hatupaswi kushangaa. Wa kushangaa ni waliotumia miaka 160 wakitafuta bila kusikiliza.

Swali: Ninafundisha historia Tanga. Nimesoma juu ya shule za bweni za watoto wa wenyeji wa Kanada. Je, mgeni anaweza kwenda kujifunza jambo hilo bila kuwakosea heshima waliolipata?

Jibu: Mwalimu, anaweza, mradi aende pale ambapo wenyewe wamefungua mlango. Kuanzia karne ya 19 hadi miaka ya 1990, zaidi ya watoto 150,000 wa wenyeji, yaani Mataifa ya Kwanza, Wametis (uzao wa mchanganyiko wa wenyeji na Wazungu) na Wainuit, walipelekwa katika shule zilizogharamiwa na serikali na kuendeshwa zaidi na makanisa, wengi wao kwa kulazimishwa. Walinyolewa nywele, waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama, na maelfu walifia huko. Serikali iliomba radhi mwaka 2008. Tume ya ukweli na maridhiano iliwasikiliza manusura, na mwaka 2015 ikatoa miito 94 ya kuchukua hatua. Huko Brantford, Ontario, jengo la shule ya Mohawk Institute, iliyofungwa mwaka 1970, limehifadhiwa kwa uamuzi wa jamii ya hapo, waliotaka ushahidi usibomolewe. Ukienda, sikiliza zaidi ya kuuliza, na usipige picha za watu bila ruhusa. Tarehe 30 Septemba ni siku ya kitaifa ya kumbukumbu, na utaona watu wengi wamevaa fulana za rangi ya chungwa.

Swali: Kabla ya ndugu zetu waliohamia majuzi, je, kuna urithi wowote wa watu weusi Kanada? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Upo, na ni mkongwe kuliko nchi yenyewe, iliyoundwa mwaka 1867. Anzia Nova Scotia. Mwaka 1783, baada ya vita vya uhuru wa Marekani, watu weusi wapatao 3,000 waliokuwa upande wa Waingereza walifikishwa huko kwa ahadi ya uhuru na ardhi. Ardhi ilichelewa, au ilikuwa mawe matupu. Januari 1792 karibu 1,200 kati yao walipanda meli 15 bandarini Halifax, wakavuka Atlantiki na kuujenga mji wa Freetown, Sierra Leone. Waliobaki waliendelea kuishi pembezoni. Kitongoji cha watu weusi cha Africville, pale Halifax, kilinyimwa maji ya bomba na mifereji ya maji taka, kisha kikabomolewa na manispaa yenyewe miaka ya 1960. Radhi iliombwa mwaka 2010, na leo kuna makumbusho ndani ya mfano wa kanisa lao. Ukishika noti ya dola 10 iliyotolewa mwaka 2018 utaona sura ya Viola Desmond, mfanyabiashara aliyekamatwa mwaka 1946 kwa kukataa kuhama kiti cha ukumbi wa sinema kilichotengwa kwa Wazungu, akashtakiwa kwa senti moja ya kodi ya tiketi.

Kutoka kwetu Afrika Mashariki, ingawa hawa si watu weusi, kumbuka mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda kwa notisi ya siku 90. Kanada iliwapokea zaidi ya 6,000 kati yao, na wako wazee miongoni mwao ambao Kiswahili hakijawatoka.

Swali: Jambo. Ninatoka Bukavu na nitamtembelea kaka yangu Montreal mwezi wa Machi. Kifaransa changu kitanitosha, na mwezi huo kuna cha kuona zaidi ya theluji?

Jibu: Kitakutosha kabisa. Ndicho lugha rasmi ya Quebec, jimbo lenye mji wa Montreal, na sheria ya mwaka 1977 ilikiimarisha kazini, shuleni na hadi kwenye mabango ya maduka. Lafudhi itakusumbua siku mbili tatu, kisha itazoeleka. Machi ni mwezi mzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu usiku bado unaganda na mchana unaanza kuyeyuka, na hali hiyo ndiyo inayosukuma utomvu wa maple, ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Mwombe kaka yako akupeleke kwenye kibanda cha sukari huko mashambani. Utomvu unaotoka ni mwepesi kama maji, na unahitaji kuchemshwa lita 40 hivi ili kupata lita moja ya shira. Shira ikiwa ya moto humwagwa juu ya theluji safi, ikaanza kushikana, nawe unaizungusha kwenye kijiti na kuila hapohapo. Ukitaka kubeba zawadi, soma kibandiko kabla ya kulipa: ya kweli haina kitu kingine ndani isipokuwa utomvu wa mti huo, na chupa za bei rahisi zilizopangwa karibu nayo dukani mara nyingi ni sukari ya mahindi iliyotiwa rangi.