Madogo mnaofunga treki ndefu (ule mkanda wa mpira wa kusukuma) kwenye sledi za zamani, hizi pikipiki za theluji, njooni hapa kidogo

Nimevumilia msimu mzima nikisema watajifunza wenyewe, lakini wiki hii dogo mwingine kaingia gereji na reli, zile mbili zinazobeba treki kwa ndani, kazirefusha inchi 15 kamili, kisa katoa treki ya inchi 136 anaweka ya 151. Kachomelea vizuri, weldi imenyooka hadi unaona huruma, na yote ya kukata upya. Kwa hiyo nawaandikia nyie mlioanza kazi hizi juzi hapa Idaho, spana mnazijua, injini mmezizoea toka enzi za bodaboda, ila theluji mmeikuta ukubwani kama nilivyoikuta mimi.

1. Hiyo 151 ni mzunguko wa treki nzima, yaani uikate uilaze chini uipime. Ikishafungwa nusu iko juu nusu iko chini, so ekseli ya nyuma inarudi nyuma inchi 7 na nusu tu. Saba na nusu! Halafu usiamini maneno ya mwuzaji, hasa kama treki ni ya mtumba, geuza uhesabu safu za meno ya ndani: kwa pichi (umbali toka safu hadi safu) ya inchi 2.52 treki ya 136 ina safu 54, ya 151 ina 60. Hesabu mara mbili. Kuna mtu alihesabu huku anaongea na shemeji yake kwenye simu akapata 58, mpaka leo tunamwita Hamsini na Nane.

2. Pichi ya treki na pichi ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoizungusha treki, lazima zifanane. 2.86 haikai kwenye sproketi za 2.52, hata ukilazimisha, hata mteja akikuambia rafiki yake aliweza.

3. Nafasi kati ya treki na dari la taneli, lile boksi la alumini linaloifunika treki kwa juu. Hapa kaeni chini kwa sababu hapa ndo nilipoumia mimi mwenyewe.

Mzee mmoja aliniletea sledi yake ya mwisho wa miaka ya 90, treki ya 136 yenye meno ya nje, yale ya kuchota theluji, mafupi ya inchi moja na nusu, akataka ndefu apande milima na wajukuu zake. Mimi kwa kujifanya mjuaji nikamshauri aende 151 na meno ya inchi 2.25, maana nilishaona video nyingi na kichwa kilikuwa kimejaa. Nikafunga. Nikaiweka juu ya jeki nikaizungusha kwa mkono taratibuu, hakuna kinachogusa, kidole kinapita, nikasema safi, nikachukua hela. Sikuiwasha ikazunguka kwa kasi hata dakika moja. Na rejeta ya sledi iko darini mwa taneli, sasa zile reli ndogo za kuikinga dhidi ya misumari ya treki nilizikuta dariniii humo, nikaziacha zilivyo, nikasema si ni za kiwandani bwana.

Jamani treki ikikimbia haikai pale ulipoipima. Ukibana mafuta inajaa kwenda nje kama kanga iliyoshikwa na upepo kwenye kamba, na meno yale marefu yakaanza kulamba kinga za rejeta, kisha zikang'oka, kisha rejeta yenyewe. Mzee yuko mlimani kwenye theluji ya kiunoni, kulanti inamwagika nyuma yake haioni, injini ikachemsha, pistoni ikashika. Walimvuta kwa kamba na sledi ya mjukuu mpaka barabarani. Kesho yake akaileta kwenye trela, hakugomba hata kidogo, akafungua tochi akanimulikia ndani ya taneli, alumini imekwanguliwa inang'aa, akasema tu “angalia kijana.” Ningependa anitukane. Pistoni nikalipa mimi, rejeta nikalipa mimi, na kazi nikaifanya bure, na kila nilipokaza nati niliona ile mikwaruzo iko palepale inanitazama.

Dawa ilikuwa rahisi na niliijua, uvivu tu. Toa kinga za rejeta kama treki haina misumari. Badilisha sproketi za meno 8 uweke za meno 7 pichi ileile, unapata karibu inchi 0.4 ya nafasi juu. Na faida nyingine, shafti ikizunguka mara moja treki inatembea inchi 17.6 badala ya 20.2, yaani gia imeshuka kwa moja ya nane bila kugusa boksi la cheni, na treki ndefu inataka gia nyepesi hivyohivyo. Spidomita itadanganya kidogo, mwambie mteja mapema asije akajisifu kwa wenzake. Mimi sikubali nafasi chini ya nusu inchi, na siku hizi napuliza rangi ya kopo ndani ya taneli, naiwasha juu ya jeki, nabana mafuta, nazima, namulika. Rangi ikitoka mahali, hapo pana tatizo.

4. Sledi itagoma kukata kona. Fupisha tundu moja strapu ya mbele, ule mkanda unaozuia reli zisishuke sana mbele, ski zipate uzito, basi.

5. Madigadi ya nyuma. Mkishasogeza ekseli nyuma mnaiona imebaki fupi mnaing'oa, mnasema sledi imependeza. Ile ndo inarudisha theluji kwenye rejeta ipoe! Bila hiyo mtachemsha kwenye barabara ngumu kila siku halafu mtalaumu pampu ya maji. Refusha taneli, funga madigadi, acheni urembo. Na plastiki za reli nazo zinalainishwa na theluji hiyohiyo, so mkipita kwenye barafu tupu kwa mwendo mrefu zitayeyuka, fungeni vikwanguzi vya barafu, vile vyuma vinavyoikwaruza barafu irukie kwenye reli.

6. Mshale ulioko kwenye treki una maana. Najua nani alifunga kinyume mwezi uliopita, simtaji, ila anajijua na ana deni la soda.

7. Treki mpya ikishatoka mara ya kwanza inalegea, irudishe gereji, kaza bolti za ekseli ya nyuma kulia na kushoto kidogokidogo mpaka plastiki za reli zikae katikati ya klipu, vile vyuma vidogo vya kwenye treki. Ukiwa unaizungusha juu ya jeki mtu asisimame nyuma yake, barafu na misumari vinaruka kama risasi zisizo na mwenyewe, hata kama huyo mtu anapiga video. Hasa kama anapiga video.